Neno la Siri Ni Sahihi ya Mfanyakazi

Zamani saa zetu za kazi ziliandikwa katika daftari la nyapara. Leo katika viwanda vingi vya Jinja na Mbale, na katika ofisi za mashamba, saa, kilo na makato huingizwa katika kompyuta. Anayeingiza hufungua mashine kwa neno lake la siri. Basi neno hilo ni sahihi yake, na kila kilichoandikwa kwalo ataulizwa yeye.

Jambo hili si la mafundi peke yao. Asilimia 5 ya mshahara wetu na asilimia 10 ya mwajiri zinazokwenda NSSF huhesabiwa humo. Tarakimu moja ikiharibiwa, ni uzee wetu unaoharibiwa.

Tunaona makosa mawili. La kwanza ni neno moja kwa watu wengi. Makarani wa zamu tatu wakitumia neno moja, saa za nyongeza zikipotea hajulikani aliyezifuta, na lawama humwangukia aliye chini kabisa. Karani akiacha kazi, huondoka na ufunguo kichwani.

La pili ni kulazimisha kila mtu abadili neno lake kila siku 30. Msimamizi wa kompyuta hudhani analinda mali. Lakini mtu aliyechoka hubadili tarakimu ya mwisho tu, au huandika neno kwenye karatasi na kulibandika mezani. Mwaka 2010 wataalamu wa Chuo Kikuu cha North Carolina, Marekani, walichunguza akaunti zaidi ya 7,700. Walikuta kwamba anayejua neno la zamani angeweza kufungua akaunti 17 katika kila 100 kwa kukisia mara chache tu, zisizofika 5. Ndiyo maana NIST, taasisi ya viwango ya Marekani, ilishauri mwaka 2017 desturi hiyo iachwe, na mwaka 2025 ikaikataza kabisa katika mwongozo wake: neno libadilishwe panapokuwa na dalili kwamba limevuja.

Wako watakaosema kwamba neno lisipokwisha muda, mwizi atalitumia milele. Tunawajibu: mwizi hangoji siku 30. Siku moja humtosha. Dawa ni kulibadili siku ile ile linapovuja.

Kwa hiyo matawi yetu yadai haya mbele ya waajiri:

(a) Kila mtu awe na neno lake mwenyewe, refu, kama maneno manne yaliyounganishwa.
(b) Neno la aliyeacha kazi lifungwe siku hiyo hiyo.
(c) Kila badiliko la saa lionyeshe nani kalifanya na lini, na mwakilishi wa wafanyakazi aonyeshwe.
(d) Asikatwe mtu mshahara eti neno lake limekwisha muda.

Nasi tuna wajibu. Sheria ya Uganda ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta ya mwaka 2011 humhesabu mkosaji mtu anayetoa neno la siri bila ruhusa, akijua laweza kuleta hasara. Nyapara akikuomba lako, mwambie kwa heshima aende kwa msimamizi apewe lake. Akikutisha, njoo tawini. Hatumwachi mwanachama asimame peke yake.

Umoja ni nguvu!