Mungwana Si Tusi

Kuna neno moja linaharibiwa kila siku mbele ya macho yetu: mungwana. Katika Maniema bado tunasikia: «Ule haiko mutu wa hapa, ni mungwana tu.» Na wengine, diploma mkononi, wanafundisha watoto kwamba mungwana ni mtumwa wa Waarabu na Kingwana ni lugha ya watumwa. Sisi tunakataa.

Pwani ya mashariki, muungwana ni mtu huru. Basi namna gani neno la uhuru likageuka jina la utumwa? Jibu liko njiani. Katika karne ya 19, wapagazi na askari wa misafara ya Unguja walijiita Wangwana. Ni kweli, wengi wao walikuwa watumwa kwa sheria, ao walioachwa huru. Lakini walishika jina lile juu walijua safari: wapi maji iko, hongo gani inalipwa kwa chifu, namna gani kubeba mzigo miezi na miezi. Mungwana alikuwa mtu aliyekomaa kwa njia.

Angalieni Sidi Mubarak Bombay. Alizaliwa Myao, akakamatwa utotoni, akauzwa mpaka India. Alipopata uhuru alirudi, akatembea na Burton, na Speke, na Stanley, kisha na Cameron, wakapita Nyangwe 1874 na kutokea bahari ya magharibi. Vitabu vinasema Wazungu wale «walivumbua». Na yeye aliyejua njia? Eti mbebaji tu!

Kwetu neno lilishika mizizi. Vijana wa Kasongo na Nyangwe waliofuata misafara ya Tippu Tip nao wakaitwa Wangwana. Hatufichi uovu: kulikuwa pembe za ndovu, kulikuwa minyororo, vijiji viliungua. Na Wangwana wenyewe waliwaita wenyeji washenzi. Hiyo kiburi tunaikataa vilevile. Lakini vita ya Waarabu na Wabelgiji iliisha 1894. Mtoto ambaye babu wa babu yake amezikwa Kasongo, utamwambia arudi wapi? Kumfukuza kwa neno ni kuanza kumfukuza kwa mikono, na nchi hii imeona mambo hayo ya kutosha.

Tena, ule anayetukana Kingwana anatukana kwa lugha gani? Kwa Kingwana! Ndiyo lugha anayouzia soko, anayoombea, anayobembelezea mtoto. Leo Kiswahili ni moja ya lugha nne za taifa letu. Kililetwa huku kwa miguu ya watu hao, si kwa mashua ya Mzungu.

Kwa hiyo tunaomba walimu wenzetu wafundishe neno zima: mtu huru, mtu wa safari, mtu wa adabu. Wafundishe pia machozi yaliyo ndani yake. Lakini wasiache litumiwe kama jiwe la kutupia jirani. Wazee walishasema: muungwana ni kitendo. Anayemtukana mwenzake kwa asili yake, huyo ndiye ameukosa ungwana.