Mgombea Ataje Kisima



Lengo hutokana na kulenga, na mwenye kulenga sharti aione shabaha yake. Mnamo Septemba 2013 serikali na UNESCO zilitangaza kuwa chini ya uwanda wa Lotikipi, huku huku kwetu Turkana, yamelala maji ya kulitosha taifa zima kwa miaka 70. Tulishangilia, nani asingeshangilia? Vipimo vilivyofuata vikaonyesha kuwa maji yale yana chumvi nyingi, nasi wa Kalobeyei tungali twachimba mchanga wa mto mkavu.

Hatumlaumu aliyetafuta maji. Tunalolikataa ni lile neno "inawezekana", lisilo na mtendaji, fedha wala tarehe. Wanasiasa hulipenda kwa sababu hiyo hiyo. Twataka waseme "inatekelezeka", maana hapo watalazimika kujibu: na nani, kwa fedha ipi? Au waseme "inafikika", nasi tupate kupima umbali. Kisima kimoja cha maji yasiyo na chumvi, karibu na shule, kabla ya kiangazi kijacho: hilo twaweza kulifuatilia. Basi barazani, mgombea akisimama na kutuambia kwamba maji yanawezekana, tumwombe kwa heshima ataje kisima.