Je, Lisemwalo Lipo?

Wengi wetu katika shule hii tuna daftari la mambo ya ajabu tuliyoyakusanya magazetini. Desturi hiyo ni njema, maana humfanya mtu apende kusoma. Lakini naona tunaandika bila kuuliza, na mwenye ajabu kubwa kuliko wenzake ndiye ashindaye katika mabishano ya bwenini. Twajitetea kwa kusema, "Lisemwalo lipo." Kwa maoni yangu, si lazima liwepo.

Mwezi wa Agosti 1835, gazeti la New York Sun huko Marekani lilieleza kwamba Sir John Herschel, mtaalamu wa nyota, ameona kwa darubini watu wenye mabawa wakiishi mwezini. Wasomaji wengi waliamini, kumbe ulikuwa uwongo mtupu. Herschel mwenyewe alikuwa mbali, Rasi ya Tumaini Jema, na siku zile barua zilikwenda kwa merikebu. Nani angemwuliza?

Hata hivyo, tusikimbilie kukataa kila jambo geni. Desemba 1938, wavuvi wa Afrika ya Kusini walivua silikanti, samaki ambaye wataalamu walidhani jamii yake ilikwisha kufa yote miaka milioni nyingi iliyopita. Ajabu hiyo ilikuwa kweli: samaki aliwekwa katika makumbusho ya East London, na watu walimwona.

Basi kweli na uwongo huweza kuvaa kanzu moja. Hapana budi tuulize: Nani aliona? Wapi? Lini? Je, mwingine aweza kulijaribu?

Mwaka 1963, Erasto Mpemba, mwanafunzi wa Tanganyika, alikuwa akitengeneza aiskrimu shuleni. Aliona maziwa aliyoyatia katika friji yakiwa moto yameganda kabla ya yale yaliyopoa. Alichekwa, lakini aliendelea kuuliza na kujaribu. Mwaka 1969 makala yake na Dr Denis Osborne ilichapishwa Uingereza, na hata leo wataalamu wangali wakibishana juu ya jambo hilo.

Napendekeza ukurasa wetu wa mambo ya ajabu usipokee jambo lolote lisilotaja gazeti na tarehe. Nanyi mliokwisha maliza shule, mlio karibu na maktaba kubwa, tusaidieni kuyapima. Afadhali mambo matatu ya hakika kuliko daftari zima la uvumi. Kuuliza si ujinga.