Majina matatu, nyumba moja: panga vyeti kabla ya viza

Baba anaitwa Hamisi Juma Salehe, mama Neema Joseph Mushi, binti yao Asha Hamisi Juma. Mbagala au Mwananyamala hakuna atakayeshangaa, maana kila mtu anajua kusoma majina yetu: la mtoto, la baba, la babu. Lakini kwenye pasipoti jina la mwisho huhesabiwa kuwa la ukoo. Familia hii ya watu watatu inafika kwa ofisa wa viza ikiwa na koo tatu, na ofisa aliyezoea nyumba nzima kubeba jina moja lazima aulize.

Niwatoe hofu akina mama kwanza. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 haikulazimishi kuchukua jina la mume, na huna haja ya kulibadili kwa ajili ya viza. Kinachowaunganisha kwenye maombi ni cheti cha ndoa na cheti cha kuzaliwa cha mtoto kinachotaja wazazi wote wawili.

Shida hasa ni mtu mmoja kuwa na majina mawili. Kwenye cheti cha mtoto mama ni Neema Joseph, NIDA ni Neema Joseph Mushi, pasipoti ni Neema Hamisi. Baba ni Salehe hapa, Saleh pale. Mengi ya haya huanzia wodi ya wazazi: mama kachoka, bibi ndiye anayetaja majina, muuguzi anaandika alivyosikia. Cheti cha RITA hufuata tangazo hilo la kizazi, kwa hiyo lisome herufi kwa herufi kabla hujaondoka hospitali.

Kama kosa limeshafanyika, anza na cheti cha kuzaliwa, kwa sababu NIDA na Uhamiaji watakiomba hicho. Ukitanguliza pasipoti utailipia tena. Tofauti ndogo ya herufi huelezwa kwa hati ya kiapo mbele ya wakili, kwamba majina hayo yote ni ya mtu mmoja. Aliyebadili jina kabisa anahitaji hati ya kubadili jina iliyosajiliwa kwa Msajili wa Hati. Karatasi iliyo kwa Kiswahili pekee itafsiriwe rasmi. BAKITA wanafanya kazi hiyo.

Mzazi anayesafiri peke yake na mtoto abebe cheti cha kuzaliwa na barua ya ridhaa ya mzazi mwenzake. Mpakani Uingereza unaweza kuulizwa kwa sababu tu jina lako la mwisho si la mtoto.

Sasa jambo zito zaidi. Majumbani kwetu mtoto wa marehemu dada hulelewa kama wa kumzaa, na wengine humwandikisha hivyo hivyo. Vyeti vikitia shaka, Marekani na Canada zinaweza kupendekeza kipimo cha vinasaba, DNA, kwa gharama ya familia. Kwa Marekani maabara lazima iwe imeidhinishwa na AABB, na usikimbilie kupima kabla hujaambiwa, kwani sampuli huchukuliwa kwa utaratibu wa ubalozi. Kipimo hakijui nani alikesha na mtoto akiwa na homa. Kitasema wewe si mama yake, na maombi yote yanaweza kuangukia hapo.

Kwa mtoto wa namna hiyo, cheti kitaje wazazi waliomzaa, hata kama ni marehemu, nawe utafute amri ya mahakama ya kumwasili au ya ulezi chini ya Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009. Onana na ofisa ustawi wa jamii wa manispaa yako, Temeke au Kinondoni, mapema, kwani mahakama huhitaji taarifa yake. Na kama mtoto hajui, aambiwe nyumbani na watu anaowapenda, kabla mtu wa maabara hajamwomba afungue mdomo achukuliwe sampuli.