Hawakuwa Wakicheza

Mkufunzi mwenzangu mstaafu, mtu wa sayansi na mpenzi mkubwa wa mimea, aliniambia kwamba Waingereza wangefanya vyema kupeleka tingatinga Braunton na kuling'oa zege lote lililosalia katika vilima vya mchanga vya huko. Zege si historia, alisema. Historia iko Normandy, walikopigana. Pale Braunton walikuwa wakicheza tu.

Ni neno hilo "wakicheza" lililonifanya nichukue kalamu. Angelitamka mfanyabiashara ningelipuuza. Lakini limetoka kinywani mwa mtu aliyetumia nusu ya maisha yake kuwatayarisha walimu, nami sikubali.

Kwa asiyepajua, Braunton Burrows ni eneo la vilima vya mchanga katika pwani ya kaskazini ya Devon, Uingereza, lenye ukubwa wa hekta 1,000 hivi. Septemba 1943 Jeshi la Marekani lilifungua hapo, na katika fukwe za jirani za Saunton na Woolacombe, kituo cha kufundishia mashambulizi kutoka baharini. Mimi nakiita chuo, na nina sababu. Kilikuwa na mkuu wake, Luteni Kanali Paul W. Thompson, mhandisi, kilikuwa na wakufunzi, mtaala na ratiba, na kilikuwa na wanachuo wasiojua kitu, kama tulivyokuwa sote siku ya kwanza. Pwani ile ilichaguliwa kwa kuwa mchanga wake na maji yake ya kupwa na kujaa vilifanana na vile vya Normandy.

Nilifika huko mwaka 2016 nilipokwenda kumtembelea binti yangu, ambaye ni muuguzi Bristol. Mkwe wangu alidhani nitapenda kuona bahari. Nilichokiona, na ambacho sijakisahau, ni mabamba ya zege yaliyolala katikati ya nyasi, mbali na maji, kila moja likiwa na umbo na ukubwa wa chombo cha kuteremshia askari, na mbele yake mteremko mfano wa mlango ulioshushwa. Ni mashua zisizoelea. Hapo askari walijifunza kupanga magari, kuyaingiza kinyumenyume na kuyatoa kwa mpangilio, mara moja, mara kumi, hadi kila dereva akajua zamu yake. Kazi hiyo haihitaji maji, inahitaji kurudiwa. Mkwe wangu alipiga picha mbili akarudi garini kwa ajili ya upepo. Mimi nilibaki nikilitazama lile zege kama mtu aliyekutana na zana ya kufundishia iliyotengenezwa na mwalimu hodari sana.

Nawaomba wenzangu walimu waitafakari zana hiyo. Aliyeibuni alijiuliza swali ambalo tuliwasisitizia wanachuo kila mwaka: ni kipi hasa mwanafunzi anatakiwa akiweze, na ni kipi ninaweza kukiondoa nje ya somo bila kuliharibu? Akaiondoa bahari. Akabakiza ukubwa, mlango na zamu.

Na somo lenyewe halikuwa jepesi. Agosti 1942 Wakanada takribani 5,000 walipelekwa kushambulia bandari ya Dieppe, Ufaransa, na zaidi ya 900 waliuawa kwa muda wa saa chache. Baada ya hapo hapakuwa na mtu aliyeweza kudai kwamba ushujaa peke yake unatosha kuishinda pwani yenye ngome. Ilibidi ufundi huo utungwe. Pale Devon walilipanga kundi la watu 30, kadiri ya wanaoenea katika chombo kimoja kidogo, na ndani ya kundi hilo wakagawa kazi: wa bunduki, wa kukata seng'enge, wa kombora la bega, wa kurusha moto, wa mzinga mdogo, wa baruti. Ngome za bandia za zege zilijengwa ili zishambuliwe, na nyingine bado zinaonekana katika rasi ya Baggy Point. Risasi zilizotumika zilikuwa za kweli, na wapo waliokufa wakijifunza.

Mwenzangu hujibu kwamba siku yenyewe, tarehe 6 Juni 1944, katika ufukwe wa Omaha kila kilichopangwa kilivurugika. Ni kweli. Vyombo vilitua pasipo mahali pake, vifaru vingi vilizama, maofisa waliuawa kabla ya kutoa amri, na zaidi ya watu 2,000 waliuawa, kujeruhiwa au kupotea. Basi, anasema, mazoezi yalisaidia nini?

Swali hilo hilo huulizwa kuhusu mazoezi ya kufundisha. Mwanachuo anaandaa somo kwa darasa la wanafunzi 40, anafika shuleni anakuta 110, ubao umepasuka na chaki hakuna. Andalio lake limekufa. Kinachobaki ni yale ambayo mikono na sauti yake vimezoea kuyafanya bila kuulizwa. Pale Omaha mpango ulipokufa walibaki watu wachache wachache chini ya mwinuko, wengi wao wa Divisheni ya 29 na ya 1, wasio na kiongozi waliyemzoea, lakini huyu akijua kupitisha baruti chini ya seng'enge na yule akijua kuizunguka ngome ubavuni. Waliyajua hayo kabla ya kuvuka bahari. Mchanga wa Devon ndiko walikojifunzia.

Sisi huku tuna ugonjwa huo huo wa kuheshimu siku ya mtihani na kuzidharau siku za kujifunza. Sanamu ya Askari, Dar es Salaam, iliyowekwa 1927, inamwonyesha askari ameelekeza singe mbele, tayari. Ni sanamu nzuri, siisemi vibaya. Lakini nani aliyemfundisha, na wapi? Wazee wetu wa Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki walipelekwa Ceylon mwaka 1943 wakafundishwa vita vya msituni kabla ya kuingia Burma 1944. Katika miaka yangu yote ya kusahihisha mitihani ya historia nilisoma Burma mara nyingi. Ceylon sikumbuki kuisoma hata mara moja. Na tusishangae basi kwamba fedha zinapopungua, cha kwanza kukatwa vyuoni ni wiki za mazoezi ya kufundisha. Niliyapinga hayo nikiwa mkuu wa chuo, nikashindwa, na bado nayapinga.

Tena kuna hesabu ambayo wanaosema "wakicheza" wangepaswa kuijua. Usiku wa kuamkia 28 Aprili 1944, mashua za Wajerumani ziliuvamia msafara uliokuwa mazoezini karibu na Slapton, kusini mwa Devon hiyo hiyo. Wamarekani 749 walikufa. Walikuwa wakijiandaa kwa ufukwe wa Utah, ambako siku ya kutua yenyewe hasara ya waliouawa na kujeruhiwa ilikuwa watu 200 hivi.

Ama kuhusu mimea, namheshimu mwenzangu, na pale pana aina zaidi ya 400. Vita viliharibu majani mengi, hata ikabidi yapandwe upya ili mchanga usihame. Lakini siku hizi shida ya wahifadhi wa pale imegeuka: nyasi na vichaka vimefunika mno, na mimea adimu inataka mchanga ulio wazi. Mabamba machache ya zege si adui wa ua lolote. Tingatinga la kwenda kuyang'oa ndilo litakaloacha makovu. Watu wa kujitolea wamekwisha kuondoa mchanga na vichaka juu ya baadhi yake, kwa mikono na majembe, na kazi hiyo iendelee hivyo hivyo. Yasipakwe rangi, yasijengewe uzio. Kibao kiwepo, kieleze nani alisimama wapi ndani ya chombo kile na kwa kazi gani, na waliokufa mazoezini watajwe humo bila kutenganishwa na wale wa Normandy.