Unanunua fleti Dodoma? Uliza kwanza maegesho ni ya nani

MFANYABIASHARA wa mazao wa Busi, wilayani Kondoa, akimaliza msimu na faida mkononi ana mahali pengi pa kuiweka: ng'ombe, mashine ya kusaga, kiwanja Kondoa mjini. Siku hizi pameongezeka mahali pengine, napo ni katika fleti Dodoma. Hilo halishangazi. Mwaka 2016 Serikali ilitangaza kuwa inahamia Dodoma kwa vitendo, Aprili 2018 Dodoma ikapewa hadhi ya jiji, na mwaka huo huo ikazinduliwa barabara ya lami ya Dodoma hadi Babati, yenye kilometa 251, ambayo inapita Kondoa. Mwenye mtaji wa kati sasa anaweza kushuka Dodoma, akaonana na mpangaji wake na kurudi nyumbani bila kuvuruga biashara. Mpangaji mwenyewe aghalabu ni mtumishi aliyehamia kutoka Dar es Salaam, naye amekuja na gari lake.

Gari hilo ndilo lililoniingiza katika mjadala huu. Mmoja wa wafanyabiashara hao, mnunuzi wa alizeti, alinionyesha karatasi alizopewa na kampuni anayonunua kwake fleti. Kampuni yenyewe siitaji, na wala si yake peke yake inayotoa karatasi za namna hiyo. Mkataba wa fleti ulikuwa mnene: namba ya fleti, ghorofa iliyopo, ukubwa kwa mita za mraba, awamu za malipo, adhabu ya kuchelewesha. Maegesho yalikuwa katika risiti ya peke yake, mstari mmoja tu: nafasi moja ya maegesho, shilingi milioni 8. Hakukuwa na namba ya nafasi, mchoro, wala neno lolote juu ya muda.

Bwana huyo aliamini amenunua mali mbili. Kwa maoni yangu amenunua moja, na kwa ile ya pili amelipia ruhusa.

Msomaji ambaye amezoea kiwanja na nyumba yake atauliza kwa nini. Katika kiwanja, gari linalala ndani ya mipaka ya hati yako na habari imekwisha. Ghorofa lenye wamiliki wengi lina utaratibu mwingine, uliowekwa na Sheria ya Umiliki wa Sehemu za Jengo, Namba 16 ya mwaka 2008. Chini ya sheria hiyo kila fleti inaweza kuwa na hati yake, ukaiuza, ukairithisha au ukaiweka benki dhamana ya mkopo. Lakini jengo si fleti tupu. Kuna ngazi, paa, lifti, tangi la maji, uzio na ardhi yenyewe iliyobeba jengo. Vyote ambavyo havikuchorwa ndani ya sehemu yenye hati yake ni mali ya pamoja, ambayo wenye fleti wote wanaimiliki kwa mafungu, kila mmoja kulingana na fungu la sehemu yake. Chama cha wamiliki ndicho kinachoisimamia. Zanzibar nako ilitungwa sheria ya kondominiamu mwaka 2010 katika mwelekeo huo huo wa kutenga cha mtu na cha wote.

Sasa turudi kwenye ile nafasi ya gari. Kama ramani iliyosajiliwa inaonyesha nafasi hiyo kuwa kipande cha sehemu yako, basi ni yako kama chumba chako cha kulala kilivyo chako. Kama ramani haiionyeshi hivyo, iko katika mali ya pamoja, na mjenzi hawezi kukuuzia wewe peke yako kitu ambacho kwa kukuuzia fleti na kuwauzia wenzako amekwisha kukigawa kwenu nyote. Chama cha wamiliki chaweza kukubaliana kwamba nafasi fulani itumiwe na mtu fulani, na makubaliano hayo yana uzito. Lakini hayo ni matumizi. Ukiuza fleti yako, mnunuzi wako atauliza: hiyo nafasi iko wapi kwenye hati? Utamwonyesha risiti?

Wazee wa Kondoa wanaielewa tofauti hii kuliko mawakili wa mjini. Mwaka 1979 mifugo iliondolewa katika eneo lililoathirika na mmomonyoko, chini ya mradi wa hifadhi ya ardhi wa HADO. Watu walikuwa wamechunga humo tangu enzi za babu zao. Sisemi amri ile ilikuwa mbaya. Vilima vingi viliota majani tena. Ninachosema ni kwamba kutumia mahali kwa miaka mingi hakukuwapa nguvu ya kukataa siku ilipoamuliwa vinginevyo.

Shauri lililopimwa vizuri zaidi juu ya jambo hili ninalolijua si la kwetu, ni la India. Kampuni moja ya ujenzi mjini Mumbai, Nahalchand Laloochand, ilidai kwamba nafasi za kuegesha magari chini ya nguzo za jengo ni mali yake na ina haki ya kuziuza kwa yeyote. Ushirika wa wenye fleti, Panchali, ulikataa. Kesi ilipanda hadi Mahakama Kuu ya Rufani ya nchi hiyo, ambayo mwaka 2010 iliamua kwamba nafasi hizo ni sehemu ya eneo la pamoja na haziwezi kuuzwa mbali na fleti. Kilichonivutia zaidi ni hiki: wanunuzi walikuwa wametia saini ahadi ya kutodai maegesho hayo. Mahakama ilisema ahadi hizo haziwafungi. Uamuzi huo ulitegemea sheria ya jimbo la Maharashtra na hauwezi kubebwa mzima mzima kuletwa Dodoma, lakini hoja yake mnunuzi wa hapa anapaswa kuijua kabla ya kulipa, na mjenzi pia.

Wapo watakaosema kuwa namwonea mjenzi. Maegesho yanagharimu: kuchimba chini, kumwaga zege, kuweka taa, mifereji na mlinzi. Kwa nini mwalimu asiye na gari alipie nafasi ya jirani mwenye magari mawili? Hoja hiyo ni ya haki kabisa na mimi naikubali. Ila jibu lake lipo: ichore. Weka kila nafasi katika ramani, ipe namba, iunganishe na fleti fulani, kisha itoze bei unayoona soko litaibeba. Afrika Kusini, chini ya sheria yao ya mwaka 1986, haki ya kutumia peke yako eneo la pamoja inaweza kusajiliwa na ikahamishwa kwa maandishi ya kisheria kutoka mmiliki mmoja hadi mwingine. Mjenzi anayekwepa kuchora anataka kupokea bei ya mali na kubaki na hiari ya mwenye mali.

Hiari hiyo ina thamani kubwa, na wafanyabiashara wa Kariakoo hawahitaji kufundishwa na mimi. Wao wamekwisha kuona ghorofa la chini ambalo kwenye michoro lilikuwa la magari likigeuka stoo, halafu likagawanywa vibanda. Mita chache za mraba zinazoingiza kidogo kwa gari huingiza mara nyingi zaidi kwa marobota ya vitenge. Dodoma bado ina nafasi ya kupumua, lakini hatima ya katikati ya jiji lolote linalokua inajulikana.

Tupige hesabu kidogo, maana ukurasa huu ni wa hesabu. Shilingi milioni 8 za maegesho zikikuongezea sh. 40,000 katika pango la kila mwezi, ni sh. 480,000 kwa mwaka, yaani asilimia 6. Mwaka 2022 hatifungani ya Serikali ya miaka 25 ilitolewa kwa riba ya asilimia 12.56, fedha hizo hizo zingekuingizia sh. 1,004,800 kwa mwaka, na jina lako likiwa katika daftari la Benki Kuu. Maegesho yanaweza kushinda hesabu hiyo kwa njia moja tu, nayo ni kupanda bei ili uyauze kwa faida siku za usoni. Hilo hutokea. Hong Kong, ambako nafasi za magari zina hati zake, nafasi moja katika jengo la ofisi la The Center iliuzwa mwaka 2019 kwa dola milioni 7.6 za Hong Kong, karibu dola milioni moja za Kimarekani. Lakini kilichouzwa pale kilikuwa na hati. Risiti ya mstari mmoja haipandi bei.

Kuna jambo la pili ambalo wawekezaji wadogo hulisahau. Ada ya matunzo ya jengo hutozwa kulingana na fungu lako katika mali ya pamoja. Kama maegesho ni mali ya pamoja, wewe uliyelipa milioni 8 utachangia taa na ukarabati wake sawasawa na jirani wa fleti ya ukubwa wako ambaye hakulipa kitu. Na mradi bado haujaisha kuuzwa, fleti zisizouzwa ni za mjenzi, kwa hiyo mafungu mengi ni yake. Ukipeleka malalamiko kwenye kikao cha wamiliki mapema mno, utakuwa unamshitaki kwake mwenyewe.

Kwa hiyo ushauri wangu kwa mwenye fedha ya msimu ni kwamba asitoe shilingi ya maegesho mpaka aone mambo yafuatayo kwa macho yake. Aone ramani ya mgawanyo iliyopelekwa kwa Msajili wa Hati, siyo picha ya rangi iliyobandikwa ukutani kwa wakala. Aone namba ya nafasi yake katika ramani hiyo, na namba hiyo hiyo ndani ya mkataba wa fleti. Kama nafasi ni ya matumizi tu, mkataba useme hivyo, useme ni kwa muda gani na nani anaweza kuiondoa. Na bei ishuke ifanane na pango, isiwe ya ununuzi. Benki nazo zingetusaidia zikikataa kuhesabu maegesho yasiyo kwenye hati zinapothamini dhamana. Nadhani benki mbili tatu zikifanya hivyo, wajenzi watachora bila kusubiri waziri.

Yule bwana wa alizeti alirudi ofisini kwa kampuni akaomba ramani. Aliambiwa inashughulikiwa. Ameiandikia barua kwamba awamu inayofuata ya fleti atalipa kwa wakati, lakini zile milioni 8 anataka ama zipate namba kwenye ramani au zihesabiwe katika deni lake la fleti. Alipokuwa pale alipima kwa macho kimo cha mlango wa kuingilia maegesho. Gari lake ni Canter, na halipiti.