Faili Lisomwe Likiwa Limebanwa

Kijana wa Kona ya Musa aliyejitia katika kujifunza Python, naye hana ila kompyuta kuukuu ya mkono wa pili na bando la kununua kwa siku, aghalabu hufunzwa na waliomtangulia kwamba faili lililobanwa, yaani lile ambalo jina lake laishia gz au bz2, sharti kwanza lifumuliwe, likae diskini kwa unene wake wote, ndipo programu yake ipate kulisoma. Python haikumlazimisha hayo. Ni ada tu ya saiba zetu, kubofya na kufumua, na ada ikishakaa hakuna aihojiye. Mimi naihoji. Nadai ya kuwa kazi ya kufumua na kubana ni ya lugha yenyewe, na kwamba somo hili lastahili kutolewa juma la kwanza, pamoja na lile la kufungua faili la kawaida.

Chukua mathalan habari za mvua, ambazo kwa watu wa Kwale ni habari za riziki, maadamu mkulima wa Kinango na mwenziwe wa Msambweni hawanyeshewi sawa. Chuo Kikuu cha California kilichoko Santa Barbara, kwa kushirikiana na Shirika la Jiolojia la Marekani, hutoa bure hazina iitwayo CHIRPS, ambayo huchanganya picha za satelaiti na vipimo vya vituo vya ardhini, ikakadiria mvua iliyonyesha tangu 1981 kwa miraba ya kama kilomita 5 kila upande. Katika toleo lake la pili kila mwezi una faili lake, na la kwanza laitwa chirps-v2.0.1981.01.tif.gz; herufi mbili za mwisho zatwambia kwamba limebanwa kwa gzip, programu waliyoitoa Jean-loup Gailly na Mark Adler mwaka 1992 ili watu waepukane na hataza zilizoizonga programu ya compress iliyotangulia. Faili la mwezi mmoja lina miraba 7,200 kwa 2,000, na kila mraba huchukua baiti 4, basi likifumuliwa hufikia megabaiti 57 na ushei. Na mwenye kutaka miezi yote ya miaka 40 atakuwa na mafaili 480, ambayo yakifumuliwa yote hupita gigabaiti 27. Kompyuta ninayoisema haina nafasi hiyo, na hata lau ingalikuwa nayo, ya nini kuijaza kwa maji?

Nasema maji kwa maana yake ya dhahiri, kwani bahari yote katika mafaili hayo, kuanzia hii iliyo mbele ya Diani hadi huko isikoonekana nchi, imejazwa namba moja tu, -9999, alama ya kwamba hapo hapana habari ya mvua. Gzip ikikuta namba hiyo imejirudia haiiandiki tena na tena. Huandika amri fupi ya kurudi nyuma hatua kadhaa, zisizozidi 32,768, na kunakili kilichoko huko, hadi baiti 258 kwa amri moja. Kufumua, basi, ni kuzitimiza amri hizo moja baada ya moja, na hapana sharti lolote kwamba matokeo yake yatue diskini kabla ya kutumiwa. Maktaba ya GDAL, ambayo ndiyo tegemeo la wachora ramani, huridhika ukiitia neno /vsigzip/ mbele ya njia ya faili, ikajifumulia yenyewe kumbukumbuni.

Kwa majedwali ya maandishi Python ina njia nyepesi zaidi. Badala ya open huandikwa gzip.open("mvua.csv.gz", "rt", encoding="utf-8"), na tangu hapo mistari husomwa mmoja mmoja kana kwamba faili halijapata kubanwa; kwa bz2, kama ile nakala ya Wikipedia ya Kiswahili itolewayo kwa umma, ipo bz2.open, nayo hutumika vivyo hivyo. Lakini insafu yanitaka niseme kwamba waliotunga moduli hizi wameacha mwiba njiani: open ya kawaida isipoambiwa kitu husoma maandishi, ilhali gzip.open isipoambiwa kitu hutoa baiti ghafi, na mwanafunzi aliyeisahau hiyo t hujikuta anagombana na herufi b zilizojibandika mbele ya kila mstari, asijue zimetoka wapi.

Lipo pia suala la jinsi ya kutambua kwamba faili limebanwa, na hapa wataalamu wana madhehebu mawili. Maktaba ya pandas, isipopewa maagizo mengine, huamini jina: likiishia gz, hulifumua. Lugha ya R hulitazama faili lenyewe, kwa kuwa kila faili la gzip huanza kwa baiti mbili zisizobadilika, 31 na 139, na kwa hiyo read.csv yake hulisoma hata kama jina limepotoshwa. Mimi ni wa madhehebu ya R. Majina hupotoka kila siku katika kupokezana kwa simu, na hutokea hata kivinjari kikalifumua faili wakati wa kulipakua kisha kikaliachia lile jina la gz. Anayeamini jina hapo huambiwa faili ni bovu, ilhali ni zima. Kuzichungulia baiti mbili katika Python hakuhitaji zaidi ya mistari mitano, na mwalimu asiyeziandika pamoja na wanafunzi wake amewanyima.

Wapo wasemao kwamba faili lililobanwa ni hatari, kwani likiharibika mahali pamoja limekwenda lote. Hoja hiyo ina nusu ya ukweli, na nusu ya pili yaelekea upande wangu. Mkiani mwa gzip mna baiti 8 za kuhakiki yaliyomo na urefu wake. Mtandao ukikatika katikati ya upakuaji, au stima ikipotea wakati wa kuandika, msomaji hufikia pasipo na mkia, na Python hupiga kelele. CSV isiyobanwa iliyokatika penye mwisho wa mstari hainyanyui hata kope: miezi mitatu ya mvua huenda imepotea, na jedwali likasomwa kama lilivyo.

Ninalolikubali bila ubishi ni kwamba gzip hairuhusu kuruka hadi katikati ya faili bila kupitia mwanzo wake, na mwenye haja ya kurukaruka na atumie hazinadata. Mwenye kuongeza mvua ya leo chini ya ile ya jana anaweza kufungua kwa "at", kwa kuwa msomaji huunganisha vipande vilivyofuatana. Ila kila kipande huja na kichwa cha baiti zisizopungua 10 pamoja na ule mkia wa 8, na mstari mmoja wa mvua ya siku aghalabu hauzidi hapo. Heri aandike siku zake katika faili la kawaida, abane mwezi ukiisha.